Majina Aliyonikabidhi Bibi Despina

Anthula alifariki Jumanne, katika nyumba ya wazee ya huku ughaibuni, kule Gaithersburg, na mimi sikuambiwa mpaka Ijumaa. Mwanangu Zuhura ndiye aliyekuwa akimhudumia kazini, lakini alikuwa na zamu mbili mfululizo na hakutaka kunipa habari ile kwa simu. Alikuja kwangu Beltsville asubuhi, akavua mlangoni vile viatu vyake vyeupe vya kazi, akakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake mwilini. Akasema, "Mama, yule shoga yako Mgiriki katangulia." Nikasema inna lillahi, kisha nikaendelea kuchambua mchele, maana mchele ulishamwagwa kwenye sinia na mikono haijui kufiwa. Nimefiwa na watu wengi, karibu wote kwa simu, na kulia kwa simu nako kunachosha. Lakini Anthula alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyeniita dada Hawa. Wengine wote sasa ni Mama Zuhura, ni Bibi, na kule hospitali ni jina la kwenye kadi wanalolitamka kama wanang'oa msumari.

Tulikuwa tumeonana tena kwa miaka miwili tu. Siku moja Zuhura alirudi kazini akicheka, jambo ambalo si la kawaida yake akitoka kule. "Mama, tumeletewa mzungu, kiharusi kimemshika upande mmoja. Kiingereza chote kimempotea, anasema Kigiriki na Kiswahili. Na si Kiswahili cha kitabuni. Jana kamwambia mwenzangu wa Ghana, 'Wewe mvivu kama punda wa Korogwe.' Maskini Akosua akadhani anashukuriwa, kamjibu you're welcome." Nikamwuliza anaitwa nani. Aliponitajia, niliweka kikombe chini. Kesho yake nilipelekwa. Nilimkuta mwanamke mnene, nywele nyeupe, mdomo umekwenda upande, na machoni mwake nikamwona mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akiniibia zabibu jikoni. Akaniangalia sana. Akasema, "Dada Hawa, umezeeka vibaya." Nikamwambia, "Na wewe je, umeolewa jana?" Tukashikana mikono, tukakaa hivyo mpaka walipoleta chakula chake cha kusagwa.

Wiki tatu baada ya maziko alinijia Niko, mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, anayevua viatu mlangoni kwangu bila kuambiwa. Mjukuu wangu Nasra alikaa katikati yetu kutafsiri, maana Niko hajui Kiswahili na Kiingereza changu mimi ni cha dukani. Alikuwa na karatasi ya kanisani kwao. Juu ina msalaba, chini ina pande mbili zenye mistari mitupu, upande mmoja wa walio hai na upande wa pili wa marehemu. Siku ya arobaini ya mama yake padri angeyasoma majina ya ukoo wote, yale ya ubatizo tu, kwa sababu wanasema Mungu hahitaji jina la baba ili kumjua mtu. Nasra akanitafsiria: "Anasema mama yake alimwambia majina yote unayo wewe. Yeye Anthula, baada ya kiharusi, alikuwa anakumbuka matano, sita." Niko akafungua kofia ya kalamu, akangoja. Nilimwambia aniachie nifikiri, arudi Jumapili. Nadhani alidhani mzee amesahau. Sikuwa nimesahau. Kulikuwa na jina moja ambalo sikujua niseme liandikwe upande gani. Jina lile niliwahi kulihamisha upande mara moja, nikiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo halijanipa kupumzika.

Ulikuwa mwaka ule serikali ilipoyachukua mashamba ya katani. Mimi nilikuwa nimeajiriwa nyumba kubwa ya Bwana Yorgo, Mgiriki mwenye shamba, si mbali na Korogwe, kumtunza mama yake, Bibi Despina, ambaye macho yalikuwa yakimfifia. Nilikuwa na madarasa manne ya shule na kanga mbili. Anthula, mjukuu wake, binti wa Bwana Yorgo, alimwita yaya, ndivyo Wagiriki wanavyomwita bibi, na mpishi, Mzee Kilua, hakuchoka kulicheka neno lile. "Nyumba hii ni ya ajabu," alikuwa akisema, "yaya ndiye anayetafutiwa yaya." Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, sakafu nyekundu iliyopakwa nta, na humo ndani mlikuwa na baridi hata jua likichoma huko nje kwenye mistari ya mkonge. Chumba cha kulia kilikuwa na picha ya mfalme wao na malkia, na meza ya watu kumi na wanne ambayo siku nyingi ilikaliwa na watu wanne. Chumba cha Bibi Despina kilikuwa nyuma, kitanda cha chuma, kiti kimoja, na pembeni picha za watakatifu wao wenye nyuso ndefu za huzuni, na mbele yao kandili ndogo ya mafuta isiyozimwa. Iliniingia harufu ya ubani siku ya kwanza nikajisikia niko kwetu. Nilimwambia Mzee Kilua hivyo, akasema, "Taratibu, Hawa. Utabatizwa kwa ajili ya ubani."

Kazi zangu zilikuwa kumtia dawa ya macho, kumpeleka msalani, kumchana nywele asubuhi, na kusaidia jikoni alipopumzika. Nilijifunza kukunja wali na nyama ya kusaga ndani ya jani la kabichi na kumwagia mchuzi wa yai na ndimu bila yai kuganda. Nilijifunza pai yao, ambayo kwao hutiwa mboga nyingine, lakini Kiria Marika, ndivyo tulivyomwita mke wa Bwana Yorgo, aliitia mchicha na jibini ya mbuzi, na mpaka leo nikipata mchicha mzuri katika duka la Wahindi naipika na wajukuu wananyamaza mezani. Kisha ikaingia Kwaresima yao, nyama hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna, na Mzee Kilua akawa anakata majani kutwa huku akinong'ona, "Sisi tukifunga tunafungua. Wao wanafunga kama mbuzi, kutwa wanatafuna." Kigiriki nilikipata humo humo jikoni, bila mtu kunifundisha na bila mtu kujua. Nilijua lete, nilijua moto, nilijua chumvi imezidi. Nilijua pethane, amekufa, kwa sababu ya kuku waliokuwa wakifia bandani, na mwisho nikawa naelewa karibu yote.

Majina yalianza hivi. Bibi Despina alikuwa na kijitabu ambacho marehemu mumewe alimwandikia, chenye majina ya watu wake wa kuombewa. Kilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda. Siku aliponituma nikitoe, kabla ya Jumamosi ya kwanza ya marehemu, siku yao ya kuwaombea wafu, nilikuta jalada tu. Ndani mchwa walikuwa wameshakula, wakaacha udongo umekaa vizuri kwa umbo la kitabu. Nilimpa mkononi. Akaupapasa ule udongo, akaunusa, akauweka magotini. Kwa vile yeye mwenyewe hakujua kuandika zaidi ya jina lake, na mwanawe hakuwa na subira, akasema na mimi kwa Kiswahili chake kile cha shamba: "Hawa, mimi nasema, wewe nashika. Kila siku. Kama maji kwa mtungi." Basi kila asubuhi, nikimchana, alianza: Evanthia, Panayoti, Kosta, Kosta wa pili, Mihali, Stamatia, Fotini, Fotini mtoto. Nilifunga mafundo kwenye uzi wa katani, fundo moja kwa kila mtu, mpaka vidole vyangu vikawajua. Marehemu walikuwa thelathini na mmoja. Kisha tukaja kwa walio hai, kumi na wawili, na hao aliwataja kwa sauti nyingine, ya juu kidogo, kama mtu anayeita watoto waje kula.

Kwa kila jina alinipa na kisa chake, si kwa mpango, ila kadiri kitana kilivyokwama. Walikuwa Wagiriki wa ng'ambo, wa mji mkubwa wa bandari katika nchi ambayo sasa ni ya Waturuki. Alikuwa msichana wa rika langu mji ule ulipochomwa. Watu walisukumana mpaka ukingoni mwa maji, moto nyuma, meli za mataifa makubwa mbele zimetia nanga zinatazama. Evanthia, dada yake, alimshika mkono, kisha hakumshika. "Mimi hapana achia," alisema. "Yeye hapana achia. Mkono natoka." Fotini mtoto alifia kwenye hema la wakimbizi. Kwenye kisiwa walikokimbilia, Wagiriki wenzao waliwaita Waturuki, wakawatupia maganda ya mayai. Nilisikiliza yote yale nikisuka mkia wa nywele zake nyeupe, na sikumwonea huruma sana, nasema kweli. Nilikuwa kijana. Nilidhani uzee ndio kazi yake, kuwa na wafu wengi. Sasa ninapotaja wangu baada ya sala, kiuno kinaniuma kabla sijafika nusu, ndiyo namwelewa kwa nini alitaka mtu wa kumsaidia kubeba.

Mihali walikuwa wawili. Mihali wa kwanza alikuwa baba mkwe wake, amekaa kwa marehemu, wa tano. Mihali wa pili alikuwa mwanawe, mdogo wa Bwana Yorgo, aliyeitwa kwa jina la babu yake kama desturi yao, na huyo alikuwa wa kwanza katika walio hai, kabla ya Yorgo mwenyewe, kabla ya mjukuu. Baada ya vita vya Wajerumani Wagiriki walipigana wenyewe kwa wenyewe, na kijana yule alipanda mlimani na wale waliotaka nchi ya makabwela. Mume wa Bibi Despina alikuwa ameshatangulia Tanganyika na Yorgo, akamwita mkewe aje. Akaja. Akapanda meli mtoto wake akiwa mlimani. Kabla ya kuondoka alimpelekea ujumbe kwa mchunga mbuzi, na ndani yake namba ya sanduku la posta la Korogwe. Tangu hapo alikuwa akingoja barua, na siku ya posta aliniambia nimvalishe viatu.

Mwaka huo mambo mawili yalikuja karibu karibu. Huko kwao wanajeshi waliipindua serikali. Jumapili ile Wagiriki wa mashamba ya jirani walikuja kusikiliza redio, wakanywa kahawa yao nzito ya kibirika, wakapigiana kelele. Mmoja akasema afadhali, makanali watafagia makomunisti. Mwingine akasema utafagiliwa wewe na ufagio wenyewe. Bwana Yorgo alikuwa akitazama dirisha la chumba cha mama yake. Na huku kwetu ikaja habari kwamba mashamba yanakuwa mali ya umma. Wafanyakazi tulicheza ngoma kule kambini, na mimi nilicheza, sina la kuficha, kisha nikarudi nyumba kubwa kumtia Bibi dawa ya macho. Bwana Yorgo akatafuta nafasi kwenye meli. Mama yake akakataa. Hakukataa kwa ugomvi. Alisema tu, mezani, kwa Kiswahili, ili hata Mzee Kilua aliyekuwa akitoa sahani asikie: "Ninyi nenda. Mimi nabaki. Mihali najua posta ya hapa. Posta nyingine hapana jua." Mzee Kilua alirudi jikoni akaegemea ukuta. "Huyu mama," akasema, "atakuja kutawaliwa na Katibu Kata."

Ilikuwa saa ile baada ya chakula cha mchana ambapo Wagiriki wote hulala. Mimi nilikuwa jikoni nikipepeta ngano nzima kwa ajili ya Jumamosi ya pili ya marehemu. Bwana Yorgo na mkewe hawakulala. Walikuwa barazani, nyuma ya dirisha, na walisema Kigiriki bila kupunguza sauti, kwani nani wa kuwasikia. Kiria Marika alisema, "Mwambie. Ukimwambia atapanda meli." Bwana Yorgo akasema, "Nikimwambia hatafika kwenye meli." "Barua ile umeikalia tangu Anthula hajazaliwa." "Ningemwambia nini? Kwamba alikufa kwenye theluji, hakuzikwa, na risasi yenyewe alipigwa na Wagiriki wenzake?" "Mwambie neno moja. Pethane. Hayo mengine mwachie Mungu." Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, na Bwana Yorgo akasema, taratibu kama mtu anayeomba, "Wewe mwambie, Marika." Na yeye akajibu, "Si mama yangu."

Siku nne nilitembea na neno lile. Watu watafikiri niliropoka, au nilikosea kwa kujisahau. Hapana. Nilikaa nikafikiri, kwa akili niliyokuwa nayo. Kwetu tulifundishwa kwamba maiti anangoja dua za watu wake, kila Alhamisi jioni roho inakuja mlangoni kusikiliza kama itatajwa. Na huyu kijana miaka yote alikuwa akitajwa upande wa walio hai, aombewe afya, aombewe safari njema. Niliona ni kama kumpelekea mtu chakula kwenye nyumba aliyohama, na huko alipo ana njaa. Hakuna aliyemwombea kama maiti hata siku moja. Ndugu yake aliogopa, shemeji yake alisema si mama yake. Nikasema basi mimi ninaye kwenye fundo langu, mimi ndiye ninayeshika majina, nitamhamisha. Nilidhani Bibi hatatambua. Majina mengi, padri anasoma mbio, na Kosta walikuwa wawili tayari, itakuwa nini Mihali wakiwa wawili. Nilitaka kumtendea mema mtu nisiyemjua bila kumwumiza mtu niliyemjua.

Jumamosi padri alifika na gari moshi, mrefu, ndevu mpaka kifuani, vumbi la njiani kwenye joho. Ngano tulikuwa tumeichemsha, tukaianika juu ya shuka, tukaichanganya na lozi, zabibu, mdalasini na punje za komamanga iliyoletwa kutoka Tanga, kisha Bibi Despina mwenyewe akaifunika kwa sukari ya unga na kuisawazisha kwa kiganja mpaka ikawa nyeupe kama kitanda kilichotandikwa. Ilipangwa mimi niseme jina, padri alirudie. Padri hakupenda. Aliuliza kama ni vyema mtoto wa Kiislamu kuwataja. Bibi akamjibu kwa Kigiriki, nikaelewa kila neno: "Mungu hasikilizi mdomo wake. Anasikiliza majina." Basi tukasimama. Mshumaa kati ya ngano, Anthula ameshika kijiko, Bwana Yorgo mlangoni. Nikaanza. Evanthia, Panayoti, Kosta, Kosta, Mihali. Nikasema tena, Mihali. Padri akarudia, Mihali, bila kusita, akaniangalia anangoja linalofuata. Mkono wa Bibi Despina ulikuwa umeshika bega langu kwa sababu ya macho. Ulibana, kisha ukalegea kabisa, ukabaki umelala pale kama kitambaa. Nikaendelea mpaka mwisho, na kwa walio hai nikaanza na Yorgo.

Walipokwenda kula aliniambia nibaki. Ngano ile kila mtu alipewa kijiko kiganjani, yeye alikikunja kiganja hakula. Akasema, "Mihali iko mbili." Nikasema, "Nimekosea, Bibi." Akasema, "Wewe hapana kosea majina." Ningeweza kushikilia kosa langu, nikaitwa mjinga, nikapigwa hata kofi, na yeye angebaki na mtoto wake mzima. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikushikilia. Nadhani ni kiburi. Alikuwa amenisifu. Akauliza, "Nani nasema?" Nikamwambia, Bwana Yorgo, barazani, kuna barua. Akaniambia nitoke nifunge mlango. Alikaa mle siku nzima na nusu. Alipotoka nilitazama kama amebadilisha mavazi, lakini alikuwa akivaa nyeusi tangu kabla sijamjua, hakuwa na cha kubadilisha. Aliketi mezani, akamwuliza mwanawe, "Meli ni lini?" Hayo tu. Sikumsikia tena akimwambia Bwana Yorgo neno lolote mpaka walipoondoka.

Kiria Marika alitaka nifukuzwe siku ile ile. Bibi akasema, "Hawa nakaa." Nikakaa. Ila asubuhi yake nilipochukua kitana alinyoosha mkono nikampa, akajichana mwenyewe, vibaya, mistari imekwenda upande. Hakunitajia tena majina. Nilimtia dawa ya macho, nikampeleka msalani, nikamfungia sanduku, na wiki zile tano sijawahi kuzipata tena urefu wake, hata huku kwenye baridi ambako siku ya Januari haina mwisho. Mzee Kilua peke yake ndiye aliyesema na mimi kuhusu jambo lile. Alisema, "Mwanangu, habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima, na hupelekwa na mtu aliyekaa chini. Wewe uliipeleka umesimama." Siku ya kuondoka, gari linanguruma, Bibi Despina aliniita kwenye dirisha. Nilidhani atanilaani au atanipa baraka, nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Alisema, "Majina ile, mimi nakupa. Mimi hapana nyang'anya." Kioo kikapandishwa.

Yaliyofuata niliambiwa na Anthula, miaka hii miwili, kwa vipande, kadiri ulimi wake ulivyomruhusu. Aliniuliza kwanza, "Siku ile, dada Hawa, ulikosea au ulikusudia?" Nikamwambia nilikusudia. Akafumba macho akasema, "Mimi nilibisha na mama miaka mingi kwamba ulikosea." Waliishi katika vyumba viwili, ghorofa ya nne, katika mji wa bandari wa Wagiriki, na majirani wakawaita Waafrika. Bibi Despina aliishi miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi ya marehemu alipanda mwenyewe mpaka kanisani akiwa ameshika ukuta, na Anthula ndiye aliyemwandikia karatasi. Kwa marehemu, Mihali mmoja tu, yule baba mkwe. "Yule mwingine alimrudisha," Anthula akasema. "Kwa walio hai, wa kwanza, kama zamani." Na kila mwaka alimfanya aandike barua kwa mkuu wa posta wa Korogwe, kumwomba kwamba ikifika barua kutoka kwa Mihali itumwe kwenye anwani mpya. Nikakaa na habari hiyo kwenye kile chumba chenye harufu ya dawa na supu, Zuhura akibadilisha mashuka upande wa pili. Nikasema, "Basi nilimwumiza bure." Mdomo wa Anthula ulikwenda upande, sijui ni kiharusi au kicheko. "Si bure," akasema. "Alipanda meli."

Jumapili Niko alirudi, na Nasra akakaa katikati yetu na simu yake imelala kifudifudi, adabu aliyofundishwa na mama yake. Nilianza na marehemu. Evanthia, Panayoti, Kosta, Kosta. Niko aliandika polepole kwa herufi zao, na kila mara akaniuliza huyu ni nani, nikamwambia. Dada aliyepotea ukingoni. Mtoto wa hemani. Alikuwa hajawahi kusikia hata mmoja, na nilimwona akitazama mkono wake mwenyewe unavyoandika. Wale thelathini na mmoja walipokwisha, niliendelea na waliokuwa hai wakati ule, maana nao wameshahamia: Yorgo, Marika, Despina mwenyewe, ambaye zamani alijitaja wa mwisho, na mabinamu zao mmoja mmoja, na Anthula. Upande wa marehemu ukajaa, akageuza karatasi. Upande wa walio hai aliandika yeye mwenyewe, mkewe na watoto wao. Nikamwambia kuna mmoja zaidi, Mihali, mdogo wa babu yake. Niko akasema hajawahi kusikia kwamba babu yake alikuwa na ndugu. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, na Nasra akatafsiri mpaka sauti ikamkauka, akaenda kunywa maji, akarudi. Niko akashika kalamu. "Bibi," Nasra akasema, "he's asking which side."

Nilikuwa nimechoka. Niliiangalia karatasi ile na sikuona haraka yoyote. Mara ile ya kwanza hakuna aliyeniuliza, nilijituma mwenyewe. Sasa nilikuwa naulizwa kwa adabu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa duniani. Nikasema, "Mwambie amwandike kwa walio hai." Niko akajibu kwa upole, na Nasra akageuza: "Anasema, lakini Bibi, hata kama hakufa vitani, sasa angekuwa na miaka karibu mia." Nikasema, "Najua hesabu hiyo. Mimi si mama yake. Amwandike pale mama yake alipomwacha." Niko akaandika. Akalipuliza lile jina likauke, ingawa wino wa siku hizi haupulizwi, akakunja karatasi, akainama akanibusu mkono kama anavyofanya kwa wazee wa kwao, akavaa viatu vyake.

Alhamisi, baada ya magharibi, nilibaki kwenye msala na kuwataja wangu, mmoja mmoja, mume wangu, wanangu wawili, wazee wangu wote. Nilipomaliza nikamtaja na Mihali, pamoja nao, kwa maiti. Sheikh wetu akisikia atanikemea, na atakuwa na haki yake. Zuhura alikuwa amelala kwenye kochi na nguo za kazi, nilidhani hasikii. Akafumbua jicho moja. "Mama," akasema, "Mihali ndiye nani?" Nikamwambia, "Mtoto wa mtu." Nikakunja msala.